Semina imeisha, bafuni bado ni vita: nianzie wapi na wahudumu wangu?

SWALI: Shikamoo dada. Ninasimamia nyumba ndogo ya wazee hapa Moshi. Wazee ni 18, na 7 kati yao wana ugonjwa wa kusahau. Wahudumu ni 9. Mwaka jana tuliwapeleka semina ya siku mbili kuhusu huduma inayomtanguliza mtu kabla ya ugonjwa wake. Walirudi na vyeti, tukavitundika ukutani, lakini kelele za bafuni asubuhi ni zile zile. Kuna bibi mmoja wa miaka 81, kila akipelekwa kuoga anapiga, anang'ata, anatoa matusi ambayo watoto wake wanaapa hawajawahi kuyasikia kinywani mwake. Wahudumu wengine wanasema ni ukorofi, wengine wanasema amepagawa. Daktari ameshauri apewe dawa ya kumtuliza kabla ya kuoga. Je, nifanye semina nyingine, au nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usifanye semina nyingine. Pesa hiyo nunua kanga, mataulo makubwa na chupa mbili za chai, halafu Jumatatu uingie bafuni wewe mwenyewe.

Sizisemi vibaya semina. Nusu ya ugali wangu unatoka huko. Ila nimeshaona mara nyingi mhudumu akijibu maswali yote sawasawa, akieleza utu wa mgonjwa kwa maneno mazuri kuliko yangu, na kesho yake alfajiri anamvuta mzee mkono kwa sababu bado watu sita hawajaoga na uji uko tayari. Hajasahau alichofundishwa. Amerudi akakuta zamu imepangwa vile vile, uji unapakuliwa saa ile ile, na kiongozi wa zamu anapita akihesabu nani keshaoga na nani bado. Cheti kikigombana na ratiba, ratiba hushinda.

Mimi nililijua hilo kwa kofi. Miaka yangu ya mwanzo ya kazi ya ukea, yaani kuhudumia wazee, huko Uingereza, katika nyumba moja ya wazee, tulikuwa wawili kwa wazee 14, na wote walitakiwa wawe wameoga na kuvaa kabla ya saa tatu. Mmoja wao alikuwa dereva wa basi mstaafu, mtu wa mabega. Niliingia chumbani, nikafungua pazia, nikavuta shuka, nikaanza kumfungua vifungo vya pajama. Kofi lilinikuta kwenye kifungo cha pili. Nikaandika kwenye faili: ana fujo, aoshwe na watu wawili. Mwenzangu mmoja, mama wa Kizimbabwe, alisoma nilichoandika akaniuliza, "Ulimwambia nini kabla ya kumgusa?" Sikuwa nimemwambia kitu. Hata salamu. Mimi niliyelelewa kwa shikamoo nilimvua nguo mtu wa umri wa babu yangu bila salamu, kisha nikaandika kwamba mwenye fujo ni yeye.

Kwa hiyo kabla ya Jumatatu, kaa na mafaili ya wale wazee saba. Tafuta "mkorofi", "msumbufu", "anakataa huduma". Kila ukikuta neno kama hilo, tafuta limeandikwa wapi kilichotokea dakika moja kabla. Nina hakika mara nyingi hutakiona, na pengo hilo ndilo somo la kwanza la wahudumu wako.

Mtu aliyelisukuma wazo hili la kumtanguliza mtu kabla ya ugonjwa wake hadi likasikika ni Tom Kitwood, Mwingereza aliyewahi kufundisha Uganda kabla ya kufanya kazi Chuo Kikuu cha Bradford. Mwaka 1997, mwaka mmoja kabla ya kufariki, aliorodhesha njia 17 ambazo watu wanaomzunguka mgonjwa wa dimensia, yaani huo ugonjwa wa kusahau, humbomoa utu wake: kumharakisha kuliko anavyoweza kufuata, kumsemesha kama mtoto mchanga, kumzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo, kumhadaa ili atii, kumlazimisha, kumcheka, na kadhalika. Alisisitiza kwamba wanaofanya hayo kwa kawaida si watu wabaya. Ni mazoea, na mazoea hurithishwa kutoka mhudumu wa zamani kwenda kwa mgeni ndani ya wiki ya kwanza ya kazi. Mgeni haangalii cheti cha mwenzake, anaangalia mikono yake.

Sasa twende bafuni. Ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio aina ya dimensia inayopatikana zaidi, huanza kwa kuharibu sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Kwa bibi yako, kuoga kwa jana hakukutokea. Msichana aliyemwosha kwa miaka miwili anaweza kuwa mgeni kila asubuhi. Macho yake yanaona, lakini ubongo haumtafsirii vizuri: sakafu iliyolowa na kung'aa inaweza kuonekana kama shimo, na kiti cheupe kwenye vigae vyeupe kinapotea kabisa. Sentensi ndefu inamfikia nusu. Magoti yanauma na hawezi kusema yanauma. Asubuhi ya Julai hapo kwenu baridi inashuka kutoka mlimani. Halafu watu wawili asiowajua wanamshika mikono, wanamvua nguo huku wakiongea wao kwa wao habari za vikoba, na maji yanamwagika kichwani kutoka nyuma. Mimi ningeng'ata.

Na yale matusi, waambie watoto wake wasione aibu. Maneno yanayotoka yenyewe bila kutungwa, kama matusi, salamu, sala na nyimbo, mara nyingi hubaki hata pale mtu anaposhindwa kupanga sentensi ya kuomba maji. Mama yao anataka kusema "niacheni, naona haya, nasikia baridi", na maneno hayo hayapatikani. Yanayopatikana ni yale mengine. Lakini mlango ule ule unapitika na ninyi: anzisha polepole wimbo wa kanisani aliouimba tangu Sunday school uone kama hataumalizia.

Jumatatu usimwoshe alfajiri. Msubiri anywe chai, jua litoke, iwe saa nne. Mchague mhudumu mmoja ambaye bibi huwa anamvumilia, na wewe ukae pembeni kama mwanafunzi wake. Mwageni maji ya moto sakafuni na mfunge mlango ili bafu lipate joto, kisha mkaushe. Kiti kiwe na mgongo, na kifunikwe taulo la rangi iliyokolea ili akione. Mhudumu aende alipo bibi, achuchumae chini ya usawa wa macho yake, amwamkie, halafu asubiri marahaba. Kusubiri ndiko kugumu. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wahesabu kimoyomoyo hadi kumi kila wanaposema jambo, na wengi hufika nne wakarudia swali kwa sauti kubwa zaidi.

Neno "kuoga" lisitajwe. "Bibi, nimekuletea maji ya moto ya miguu." Miguu ni mahali pa heshima, haivuliwi nguo, na mtu wa umri wake anayajua maji ya moto ya miguu. Mkifika bafuni, kanga inamfunika kuanzia mabegani hadi chini ya magoti, na inabaki hapo mwanzo hadi mwisho. Mhudumu anaosha chini ya kanga, sehemu moja moja, akisema kwa maneno mawili matatu anachotaka kugusa kabla ya kukigusa. Bibi ashike kitambaa chake mwenyewe. Hata akijifuta goti lile lile mara ishirini, mikono yake ina kazi. Maji ayaguse kwa kiganja kabla hayajamgusa kwingine. Kichwa kiwe cha mwisho, au siku nyingine kabisa, kwa kitambaa kilicholoweshwa na si kwa kopo. Anayeongea awe mmoja tu. Akisema hapana, mhudumu aseme "sawa bibi", amfunike vizuri, aondoke, arudi baada ya dakika ishirini na uso mpya. Hakuna aliyekufa kwa kukosa kuoga mwili mzima Jumatatu. Vinavyohitaji maji kila siku ni uso, mikono, makwapa, chini ya matiti na sehemu za siri.

Si maoni yangu tu. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo kutoka nyumba 15 za wazee, kwa wagonjwa wa dimensia 73 waliokuwa wakipambana wakati wa kuoga. Walipooshwa bafuni kwa kufuata matakwa na mwendo wa kila mtu, vitendo vya kupiga na kung'ata vilipungua kwa asilimia 53. Waliooshwa kitandani kwa taulo kubwa lililoloweshwa maji ya moto na sabuni isiyohitaji kusuuzwa, wakisuguliwa juu ya taulo huku wamefunikwa, vilipungua kwa asilimia 60. Kama sabuni hiyo haipatikani, tumia tone dogo la sabuni laini na taulo la pili la maji matupu. Nimefanya hivyo na inatosha.

Wahudumu wakikuuliza kwa nini wahangaike wakati atasahau kabla ya mchana, wape habari ya Iowa, Marekani. Mwaka 2014 watafiti wa huko waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer filamu fupi za kuhuzunisha na za kuchekesha. Muda mfupi baadaye wengi hawakukumbuka walichokiona, lakini huzuni au furaha ile iliendelea kukaa ndani yao. Ndiyo maana mzee aliyeburutwa asubuhi anakataa ugali saa saba na hakuna anayejua kisa ni nini, hata yeye mwenyewe.

Kuhusu dawa, usigombane na daktari wako, mpelekee kumbukumbu. Andika kwa wiki mbili saa, mahali, nani alikuwepo, kilichotangulia na kilichofuata. Dawa za magonjwa ya akili za kundi la haloperidol na ndugu zake zina nafasi yake, kwa mfano mtu anapoona vitisho visivyokuwepo au anapokuwa hatari kwa uhai wake au wa wengine, lakini kwa mgonjwa wa dimensia huongeza hatari ya kiharusi, kuanguka na kifo. Ripoti iliyoandikwa kwa ajili ya serikali ya Uingereza mwaka 2009 ilikadiria kwamba wagonjwa wa dimensia wapatao 180,000 walikuwa wakipewa dawa hizo kwa mwaka, kwamba takriban 36,000 tu ndio walinufaika, na kwamba vifo vya ziada vilikuwa kama 1,800. Kumlewesha mtu kila asubuhi ili aoshwe ni bei kubwa mno kwa kopo la maji. Kama tayari anazitumia, msizikatishe wenyewe ghafla. Na mtu yeyote asimfichie dawa ndani ya uji. Siku akigundua, atakataa na uji.

Jambo moja wahudumu wote tisa, pamoja na mlinzi na mpishi, walijue kama wanavyojua jina lao: dimensia kwa kawaida huenda polepole. Mzee aliyekuwa mtulivu juzi na leo anaweweseka, au amelala tu hataki kuamka, hajazidiwa na usahaulifu. Ana kitu kingine. Mkojo wenye maambukizi, malaria, nimonia, choo kilichokwama siku tano, upungufu wa maji, dawa mpya, mfupa uliovunjika usiku bila mtu kujua. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Hata bibi yako, kabla ya yote niliyoandika hapo juu, apimwe na aangaliwe meno, ngozi na viungo. Inawezekana anang'ata kwa sababu bega linauma linapoinuliwa.

Wanaosema amepagawa usiwacheke, na usiwanyamazishe kwa cheo chako. Wakinyamaza wataendelea kuamini, na watamgusa kwa woga. Kaa nao uwaulize wameona nini. Kisha waeleze kwamba karibu na hapo mlipo, katika vijiji vya wilaya ya Hai, watafiti waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba asilimia 6.4 walikuwa na dimensia, baada ya hesabu kurekebishwa kwa umri. Ni ugonjwa uliohesabiwa kwa majirani zao, na kila mmoja wao atakuwa na shangazi wa kumfikiria. Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mazungumzo haya si ya ziada.

Mafunzo yenyewe sasa. Nusu saa kwa wiki, siku moja isiyobadilika, wakati wa kukabidhiana zamu ili zamu mbili zikutane, na nusu saa hiyo ilipwe. Usiwaite kwenye likizo yao kuwafundisha upendo. Wiki ya kwanza leta uji na vijiko tu. Nusu ya wahudumu wafungwe vitambaa machoni, nusu nyingine wawalishe wakiwa wamesimama, bila kusema neno, harakaharaka, wakiwafuta midomo kwa kijiko. Dakika tatu zinatosha. Halafu wabadilishane, ila safari hii anayelisha aketi, aseme ni uji wa nini, asubiri mtu ameze. Usifundishe kitu baada ya hapo. Waulize tu walisikia nini mwilini. Katika zoezi hili nimewahi kumwona mhudumu wa miaka 15 kazini akitoka nje kwenda kulia.

Wiki inayofuata, mtu mmoja aketi sebuleni saa nzima na daftari, aandike kila baada ya dakika tano mzee mmoja tu anafanya nini na nani amemsemesha. Kitwood na wenzake waliitengeneza njia hiyo ya kutazama, na toleo lao kamili linahitaji mafunzo maalumu, lakini hata hili la daftari litakufungua macho. Mara nyingi ukurasa unajaa neno moja: ameketi, ameketi, amesinzia, ameketi, mhudumu amepita akiwa na ndoo. Runinga inazungumza peke yake. Msome matokeo pamoja bila kutaja nani alipita na ndoo. Na lililofanyika vizuri litajwe kwa jina na kwa undani, si "hongera kwa kazi nzuri" bali "jana ulimsubiri babu afunge kifungo mwenyewe, nilikuona".

Uingereza walijaribu jambo la namna hii katika nyumba 69, na matokeo yakatoka mwaka 2018. Wahudumu walifunzwa kumwangalia kila mzee kama mtu wake, na kuhakikisha anapata jumla ya saa moja kwa wiki ya mazungumzo na shughuli anazozipenda. Hali ya maisha ya wazee ikawa nzuri zaidi na fadhaa ikapungua. Kilichonivutia ni kwamba haikuwa siku mbili za hotelini. Ilichukua miezi tisa ya kurudi na kurudi, na katika kila nyumba walikuwepo wahudumu waliokabidhiwa kuusimamia moto usizimike. Wewe tafuta wawili wa namna hiyo. Mara nyingi si wenye vyeti vikubwa. Mmoja wangu bora alikuwa kijana wa jikoni.

Huyo kijana nilimkuta katika nyumba moja niliyokwenda kufundisha. Kulikuwa na babu ambaye kila saa kumi jioni aliliendea geti akalitikisa: ng'ombe hawajakamuliwa. Wahudumu walimjibu ukweli, "Babu, huna ng'ombe, waliuzwa zamani," na kwa kuwa hakukumbuka, kila jioni alipata habari ya msiba ule upya. Kijana alikuja na sufuria mkononi akamuuliza, "Wako wangapi?" Watatu. "Na mwenye teke ni yupi?" Babu akacheka, akamtaja jina. Wakaongea hadi bustanini, wakakata majani, wakayajaza toroli. Siku hizi babu hukata majani kila jioni na jirani huyachukua kwa ajili ya mbuzi wake. Wapo wataalamu watakaoniambia kijana alidanganya. Mimi naona aliuliza maswali tu. Mstari wangu ni huu: usibuni ng'ombe, lakini usimzike kila siku.

Kwa hiyo karatasi ya historia ya mzee iwe ukurasa mmoja ambao mhudumu wa usiku atausoma amesimama. Anaitwa mama nani au baba nani. Saa kumi jioni ya maisha yake alikuwa wapi: shambani, sokoni, darasani, kwenye mizani ya kahawa. Chai yake ina vijiko vingapi. Anasali vipi. Nini humtisha. Na lugha, kwa sababu lugha uliyojifunza ukubwani mara nyingi hutangulia kuondoka. Mnayedhani ameacha kuelewa huenda bado anaelewa Kimachame au Kivunjo cha mama yake. Muwe angalau na mtu mmoja kwa kila zamu anayejua kumwamkia.

Limebaki la kwako wewe. Mhudumu aliyeng'atwa anahitaji kidonda kisafishwe, chai, na mtu wa kumsikiliza kabla hajarudi kazini. "Vumilia, ndiyo kazi" humfundisha kumwambia mzee vivyo hivyo. Ondoa kuoga alfajiri kama sheria, ugawanye wazee kati ya asubuhi, saa nne na jioni kulingana na walivyozoea nyumbani kwao. Na badili swali lako la kila siku. Ukiuliza "wangapi wameoga?" utaletewa idadi. Uliza "nani alikataa leo, na mlifanyaje?"

Bibi mpe wiki tatu kabla hujaamua kama njia hii inafaa, maana siku za kwanza huenda mkaosha miguu tu. Na zile kanga ziwe mbili kwa kila mzee: moja italowa, ya pili iwe imeanikwa juani ipate joto kabla hamjaanza.